Kuku Mzima wa Mama Phébé

Lubumbashi, Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025, alfajiri

Nimeamka mapema. Siku tatu za barabara zinaningoja mpaka Kamina, na mpango wangu uko tayari. Mpango mzuri! Sijapata mwingine kama huu tangu nilipowauzia ndugu wawili waliokuwa wamenuniana kiwanja kimoja, wakapatana ili wanishitaki.

Niandike mambo yalivyo, maana siku hizi nasahau. Léonie, mke wangu, alifariki tarehe 6 Mei. Presha. Jumamosi aliumwa kichwa, Jumanne hayupo. Mama yake, Mama Phébé, alikuja kutoka Kamina kuzika, akabaki miezi mitatu kumtunza binti yetu Sephora, miaka saba. Sasa anarudi kwake na anataka kurudi na mtoto. Si kwa likizo. Moja kwa moja.

Jumapili familia zote mbili zitakaa kikao Kamina, kwa kaka yangu Nkulu. Amenipigia simu jana. Wazee wamekubaliana: bibi akisema mtoto akae na baba yake, atakaa. Akisema hapana, ni hapana. Kwa hiyo nina mpaka Jumapili kumlainisha Mama Phébé. Nyumba bila Léonie labda nitaizoea. Bila Léonie na bila Sephora, sijui nikiingia jioni nitamsalimia nani.

Tatizo ni hili. Katika ukoo wa Mama Phébé, mkwe mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe mbele ya mkwe, mpaka siku mkwe atakapompelekea kuku mzima kwa mikono yake. Siku hiyo wanakula pamoja, haya inakwisha, wanaongea uso kwa uso. Mimi sijapeleka. Miaka kumi na mbili ya ndoa! Si uchoyo. Kila mwaka kulikuwa na jambo. Kwa hiyo mpaka leo Mama Phébé akitaka kuniambia kitu, anamtuma mtoto, hata nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Mpango: kuku mzima wa fast-food. Si kuku wa kijijini mwenye viroboto. Kuku wa kisasa, kwenye boksi, na mayonezi pembeni. Na kila mji tutakaopita, nitamlisha yeye na mtoto kwenye fast-food, aone kwamba baba yake Sephora ni mtu anayeweza kulea mtoto wa leo. Mimi ni komisionere. Nauza viwanja vya watu, magari ya watu, jenereta za watu. Nitashindwa na kuku mmoja?

Likasi, Jumatatu hiyohiyo, jioni

Haikwenda vizuri.

Tuko abiria tisa ndani ya jeep ya Tshimanga, dereva mnene asiyesikia la mtu. Mimi mbele, gunia la mtu mwingine magotini. Nyuma yangu Mama Phébé, Sephora, na mzee mmoja anayeitwa Ézéchias, mashinisti mstaafu wa treni, anayerudi kwake Kamina. Kabla hatujatoka mjini nilimwomba Tshimanga asimame Poulet Minute. Alisema dakika tano. Nilisema jina lenyewe linajieleza: kuku wa dakika. Zilikuwa dakika arobaini na saba.

Nilisema wazi kabisa kaunta: kuku mzima. Msichana akaandika. Nilirudi na boksi nikijisikia bwana harusi. Nikapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Abiria wote waligeuka kutazama. Mama Phébé alipokea kwa mikono miwili. Moyo wangu ukaruka! Akafungua kifuniko, akatazama, akaanza kugeuza vipande kwa kidole kimoja, polepole, akihesabu kimyakimya. Halafu akamnong'oneza Sephora.

Sephora aliniambia, kwa sauti yake ndogo, kwamba Nkambo, yaani bibi yake, anauliza kuku huyu alikuwa na mabawa mangapi.

Yalikuwa matatu. Mapaja mawili, yote ya kushoto. Shingo hakuna, miguu hakuna, firigisi hakuna. Nilirudi kaunta nikapiga kelele. Msichana alisema "mzima" ni vipande tisa, na vipande tisa nimepewa. Wale kuku wanakuja wamekatwa tayari, kutoka ng'ambo, ndani ya katoni. Yeye mwenyewe hajawahi kuona kichwa cha hata mmoja.

Mama Phébé alisema aksanti. Akafunga boksi, akalipitisha kwa abiria; Sephora nilimpa pakiti ya chipsi, akaimaliza kabla hatujafika Likasi. Bawa la tatu alilila mzee Ézéchias. Alilisifu, tena kwa sauti.

Likasi, Jumanne tarehe 5 Agosti

Tshimanga ana kazi na magurudumu yake. Hatuondoki leo. Nimeona ni bahati: siku nzima ya kumlainisha mama mkwe.

Niliwapeleka wote kwenye fast-food moja inaitwa Le Rapide. Mzee Ézéchias alikuja bila kualikwa. Mpango ulikuwa rahisi: wao wakae meza ya dirishani, mimi nikae pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, nikiwapa kisogo, kila mtu ale chake kwa heshima. Sikujua kwamba wameweka vioo. Kuta zote nne! Hata kwenye nguzo. Popote nilipogeuka nilimwona Mama Phébé, na yeye aliniona mimi, mara nne, nikiwa na mkate wa nyama mdomoni. Aliinamisha uso mara moja. Akaweka kijiko chini na hakukigusa tena. Nilitoka na sahani yangu nikaenda kula nje, nyuma ya jenereta, moshi wote puani.

Sephora alikuja kunitafuta. Aliuliza kwa nini nakula huku. Nilimwambia arudi, chipsi zake zitapoa. Alisimama kidogo, akaangalia sahani yangu. Akarudi.

Huko nyuma ya jenereta nilimkumbuka Léonie. Mama yake alipokuwa akija kututembelea, Léonie alikuwa anapika mara moja na kuandaa mara mbili. Kwanza sahani ya mama yake, sebuleni. Halafu yangu, chumbani, mlango umefungwa. Kisha anarudi jikoni. Sijui yeye alikuwa anakula saa ngapi. Sikumbuki kumwona ameketi. Miaka kumi na mbili, na sikuwahi kumwuliza. Nilikaa pale mpaka jenereta ikazima.

Sephora aliacha nusu ya chipsi, nikamfungia akale kwenye jeep. Nadhani ni ule mchuzi wa nyanya. Ulikuwa mwepesi mno.

Nguba, Jumatano tarehe 6 Agosti

Njia panda. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Hapa kuna mgahawa wenye meni ukutani, picha kumi na nne za rangi: kuku, samaki, piza, aiskrimu ya ghorofa tatu. Nilimwonyesha Sephora kwa kidole aone baba yake anampeleka wapi. Nikaagiza namba mbili. Hakuna. Namba tano. Hakuna. Nikashuka hivyo mpaka kumi na nne. Kijana wa pale hakuchoka wala hakuona haya. Kila namba aliitikia kwa adabu kwamba hiyo ndiyo imekwisha sasa hivi. Niliuliza basi kuna nini. Kimanda cha sardini. Hakimo kwenye picha.

Nikaagiza vimanda vitatu. Mkaa ulikuwa haujawashwa. Mayai ndiyo kwanza yamefuatwa sokoni. Saa moja na nusu! Tshimanga akaanza kupiga honi, akanifuata mpaka mlangoni, akasema mbele ya watu kwamba yeye anaendesha jeep, si ambulensi ya kungoja mgonjwa.

Nilipotoka mikono mitupu, nilikuta nini? Mama Phébé alikuwa ametoa mbabula yake chini ya kiti, ameweka mkaa, amepika bukari, ugali wetu, kando ya gari. Na samaki mkavu wa Kinkondja, na mboga za lengalenga alizonunua kwa mama mmoja njiani. Harufu! Walikuwa wamezunguka sahani moja, yeye, Sephora, na mzee Ézéchias. Mzee Ézéchias si mkwe wa mtu pale. Yeye anaruhusiwa. Alikuwa anamchambulia mtoto miiba na kumsimulia habari za behewa la chakula la zamani, wakati treni ilipokuwa treni, na mtoto alikuwa anacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Mei.

Nilisimama upande wa pili wa gari, kama desturi inavyotaka, mgongo kwao. Mama Phébé alimtuma mtoto na sahani yangu, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine. Nilimwambia amrudishie Nkambo wake, mimi nimeshashiba vimanda. Ingekuwa aibu kukubali: mimi ndiye niliyesema nawalisha. Tumbo langu linanguruma hapa ninapoandika, na yule mwenye gunia amenishauri nimwone daktari.

Luena, Alhamisi tarehe 7 Agosti

Springi imekatika. Tumelala kwenye madawati ya kanisa. Asubuhi nilimwita mzee Ézéchias pembeni, karibu na reli. Nilitaka kumwambia ahame kiti, asikae tena karibu na mtoto wangu. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Badala yake nikajikuta namweleza kila kitu: Léonie, kikao cha Jumapili, kuku. Ana uso wa kusikiliza, yule mzee. Ni kosa lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ng'ambo ya reli kuna mama anafuga kuku, amewaona wakitembea. Nivuke, nichague mmoja mwenye afya, nimpe Mama Phébé leo hii, mbabula iko, tutakula wote jioni na mambo yatakuwa yamekwisha. Alisema hata ataniazima kofia yake, nionekane mtu.

Nilimcheka. Kuku hai ndani ya jeep, mwaka huu wa 2025! Anyee kwenye viatu vya watu! Nilimweleza taratibu kwamba mambo ya kuku wa kufungwa miguu ni ya wakati wa babu yake. Mimi nataka Mama Phébé aone kwamba Sephora atakua na baba wa mjini. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Na mpango mpya ninao! Bukama kuna fast-food karibu na daraja, ya bwana mmoja anaitwa Mbayo. Namba yake nilipewa na Tshimanga. Nimempigia. Anachinja mwenyewe. Nimemwagiza kuku mzima wa kukaanga, na kichwa, na miguu, na firigisi, mabawa mawili tu. Amerudia yote kwa mpangilio. Kesho saa sita. Hatimaye mtu anayejua kazi.

Bukama, Ijumaa tarehe 8 Agosti

Tulifika saa saba. Nilishuka mbio peke yangu, jeep ikabaki kwenye foleni ya daraja. Fast-food ya Mbayo imefungwa. Viti vyote vya plastiki viko nje, vimekaliwa na wanaume walionyamaza. Nikafikiri ni wateja. Nikapita katikati yao nikipaza sauti kwamba mimi ndiye mwenye oda ya kuku mzima, saa sita ilishapita, na simu haipokelewi.

Mwanamume mmoja aliinuka. Shati limefungwa vifungo vibaya. Akasema yeye ndiye Mbayo. Mke wake amefariki jana jioni.

Aliniomba radhi. Yeye ndiye aliniomba radhi mimi! Alisema:

"Kuku yako tuliichinja kweli, papa. Asubuhi bantu ya kilio balikuwa bengi, ikaingia mu chungu. Weye ikala chini, ukule nabo."

Nikaketi. Ningefanya nini? Waliniletea bukari na kipande cha shingo. Ile shingo niliyoiagiza. Nilikula kuku wangu mwenyewe kwenye kilio cha mtu nisiyemjua, na pale, tonge la tatu, nikaanza kulia. Sikulia Lubumbashi. Kule nilikuwa nashughulika na jeneza, hema, spika, nani amekuja, nani hajaja. Jana sikulia, wala mwezi uliopita. Leo nililia na mate yakanitoka. Mbayo alikuja akanishika bega. Watu waliulizana mimi ni ndugu wa upande gani. Mtu akasema lazima ni kaka wa marehemu. Sikukanusha.

Niliporudi kwenye jeep macho yalikuwa yamevimba. Mama Phébé aliniangalia. Usoni kabisa, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akachukua mfuko wake kwenye kiti akauweka mapajani, ikabaki nafasi pale karibu na Sephora. Nafasi ya mtu mmoja. Halafu akamtuma mtoto aniulize nimeona nini kule.

Ningeweza kusema nimemlilia Léonie. Maneno mawili. Lakini mbele ya abiria wote, na Tshimanga ananitazama kwenye kioo, nikashikwa na haya. Nikasema wamekula kuku wangu.

Mama Phébé aliurudisha mfuko kitini.

Kamina, Jumamosi tarehe 9 Agosti

Tumefika. Mzee Ézéchias aliagana nami kwa mikono miwili, akasema ataniombea. Sikupenda alivyosema.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye fast-food ya hapa, ile ya mkabala na stesheni, nafasi ya mwisho kabla ya kikao. Bango lipo bado, kuku anacheka, amevaa kofia ya mpishi. Ndani wanasuka nywele. Msichana aitwaye Glodie alinieleza kwamba friji ilikuwa haipati umeme, kwa hiyo mwenye nyumba amegeuza biashara tangu Pasaka. Bango wameliacha kwa sababu linavutia watu. Aliniuliza kama namletea mtoto wangu asukwe. Nilisema nina mtoto. Basi, nikakaa kwenye benchi yao nusu saa, na hakuna aliyenifukuza.

Kamina, Jumapili tarehe 10 Agosti

Naandika kila kitu kama kilivyosemwa.

Baada ya ibada tulikaa kwenye ua wa kaka Nkulu. Wazee wetu upande huu, wa kwao upande ule, Mama Phébé kwenye mkeka, Sephora amemwegemea. Nilikuwa nimetayarisha hotuba: shule za Lubumbashi, daktari karibu, maji ya bomba siku nne kwa juma. Nikaisema yote. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikaona inakwenda! Halafu Mama Phébé akaomba neno, akageuka, akanitazama mimi. Hakumtuma mtoto.

"Papa Sephora, leo nitasema na weye mwenyewe. Ile kuku, minyi niliingoja miaka kumi na mbili. Si juu ya nyama. Léonie alikuwa anakulaka wima kwa jikoni, katikati ya minyi na weye, peke yake. Kila mara nilikuja kwenu nilimuacha vile. Kuku moja tu, ya kutembea na miguu yake, njo ingemukalisha chini."

Mimi niliangalia kucha zangu. Akaendelea taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. Alisema anataka kuniuliza jambo moja tu, jepesi. Mutoto anakulaka nini?

Nilijibu haraka, maana swali lilikuwa jepesi kweli. Kuku na chipsi.

Sephora alificha uso kwenye kitenge cha bibi yake.

"Tangu mama yake alikufa, mafuta inamutapisha," Mama Phébé akasema. "Ma-frite yote ulimupa, alikuwa anaficha chini ya kiti ya jeep, weye usisikie mubaya. Anakulaka bukari na samaki. Na anataka muntu akule naye mu sahani moja. Njo vile tu. Atabakia na minyi."

Niliuliza kama walijaribu kumpa bila mayonezi. Kaka Nkulu alinikanyaga mguu.

Basi. Imekwisha. Wazee walisimama, wakapeana mikono. Imeniuma. Siku ya mazishi iliniuma pia, lakini siku ile watu walinishika huku na huku, wakaniambia si kosa langu.

Mama Phébé alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinisogelea kwenye mlango, akasema jioni hii yeye atakwenda kwa jirani yake, nyumba itabaki na mtoto, ili mimi nije nile na Sephora, sahani moja, kabla sijaondoka. Saa kumi na mbili. Nilimshukuru mara nyingi. Nililia kidogo nyuma ya choo cha kaka, safari hii bila watu.

Baadaye nikawaza vizuri. Kosa ni mafuta! Wote njia nzima wanatumia mafuta ya zamani, ndiyo maana mtoto anatapika. Mafuta mapya kila asubuhi, mtoto hatatapika. Na Kamina hakuna fast-food hata moja, ni saluni tu. Nikifungua yangu hapa, mkabala na stesheni, naweza kukaa karibu na Sephora, na Mama Phébé atakula kuku mzima kila Jumapili. Nikamtafuta mwenye lile bango. Ana jiko la kukaangia bado, limewekwa chini ya mashine za kukaushia nywele. Tukaliangalia. Tukalitoa nje kwenye mwanga. Mtu mwenyewe anaongea sana.

Nilichelewa kidogo. Saa mbili hivi. Mama Phébé alikuwa amesharudi, sahani zimeoshwa zimeinamishwa. Sephora alikuwa amelala kwenye kiti, mkono mmoja bado una unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amengoja. Mama Phébé alikuwa anamfunika kitenge.

Luena, Jumanne tarehe 12 Agosti

Niko njiani kurudi, na Tshimanga yuleyule. Safari hii nina kiti kizima.

Jana asubuhi Sephora alikuja kuniaga kwenye jeep, kaogeshwa, kapakwa mafuta. Alinipa kifurushi cha kitambaa, kimefungwa mafundo mawili, bado cha moto. Alisema:

"Bukari na samaki. Nilipika minyi mwenyewe, Nkambo alishika chungu tu. Papa, mu njia utakula na nani?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, baba yake anakula kwenye mikahawa mikubwa, yenye watu wengi. Akafikiri kidogo, akakubali. Alisimama barabarani mpaka tukakata kona ya reli. Nilipunga mkono hata baada ya kona.

Sikukifungua jana. Nilisema ni cha leo.

Leo tumefika hapa Luena, njaa imenishika, na nikaona nini? Fast-food mpya kabisa! Imefunguliwa Jumamosi, rangi ya mlango inashika vidole. Sasa angalia bahati: mahali pa kujifunzia kazi kabla sijafungua yangu. Nitapeleleza mafuta yao. Nitauliza wanabadilisha lini. Desemba narudi Kamina na mpango kamili, na nina wazo la piza, maana piza haina firigisi, hakuna mtu wa kuhesabu.

Mlangoni kuna karatasi: ni marufuku kuingia na chakula kutoka nje. Sheria nzuri, na mimi nitaiweka kwangu. Nikampa Tshimanga kile kifurushi, maana yeye anakulia kwenye gari. Nimeingia, nimeagiza namba tatu, nimekaa dirishani. Meza ya watu wanne, niko peke yangu.

Tshimanga amemaliza. Namwona anakung'uta kitambaa. Amekuja mpaka dirishani kunirudishia, kimekunjwa. Nilimwuliza kilikuwa na ladha gani.

Alisema pembeni ilikuwa ngumu, katikati ilikuwa unga mtupu, na chumvi mtoto aliisahau, lakini miiba yote ya samaki ilikuwa imetolewa, mmoja mmoja. Halafu akaniangalia.

"Weye njo baba yake. Ungeonja."

Dada wa kaunta amesema bado dakika kumi.